Tanuri kama Hekalu: Chuma, Mizimu na Chanzo cha Ubunifu Ufipa

Tanuri la kuyeyushia chuma la Wafipa, liitwalo ilungu (wingi wake malungu), ni mnara wa udongo wenye kimo cha mita tatu hadi nne, mpana chini na mwembamba juu, uliojengwa porini nje ya makazi. Ndani yake mawe ya mlimani yaligeuka kuwa chuma, na chuma kikawa majembe, mashoka na mikuki. Kwa macho ya leo hicho ni kiwanda. Kwa waliokijenga palikuwa pia mahali pa ibada: tanuri lilizindikwa kwa dawa, likapambwa kama bibi harusi, likawekewa miiko, na kazi iliyofanyika tumboni mwake ikahesabiwa kuwa uzazi. Akitafuta mtu katika Afrika Mashariki hekalu lililowekwa wakfu kwa uwezo wa binadamu wa kuleta duniani kitu ambacho hakikuwepo, malungu ya Ufipa ni mfano ulio wazi kuliko mingi. Swali la hekalu la namna hiyo limo humo humo: uwezo wa kuumba ni wa fundi mwenyewe, au ni wa aliye mkubwa kuliko yeye?

Nchi na majembe yake

Uwanda wa juu wa Ufipa umekaa kati ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na bonde la Ziwa Rukwa upande wa mashariki. Mji wa Sumbawanga uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, katika uwanda huo huo wa vilima vya majani, baridi na upepo. Miti ni michache. Ili ardhi isichoke, mkulima wa Kifipa hukusanya majani na kuyafukia chini ya udongo katika matuta ya duara yaitwayo intumba; majani huoza, yakawa mbolea, na msimu unaofuata tuta hutawanywa na kupandwa. Kilimo hicho kinadai jembe zito na imara.

Jembe halikuishia shambani. Lilihesabiwa katika mahari, na hivyo ndoa nayo ilipitia mikononi mwa mfua chuma. Chakula cha mwaka na watoto wa kesho vilitegemea kitu kimoja kilichotoka motoni. Hapo ndipo pa kuanzia kuelewa kwa nini kazi ya chuma ilipewa utukufu ambao kazi nyingine za mikono hazikupewa.

Historia ya utawala wa Ufipa inatoa fununu nyingine. Simulizi zinamtaja Ntatakwa, mtawala wa kwanza wa Milansi, kisha zinaeleza jinsi wanawake wageni wa ukoo wa Watwa walivyofika na kuutwaa utawala mfalme akiwa mawindoni. Kutoka kwao zilizaliwa dola za Nkansi na Lyangalile zilizokuwapo katika karne ya 19. Roy Willis, aliyeandika kwa kirefu juu ya habari hizi katika kitabu chake cha mwaka 1981, alionyesha kwamba Milansi haikufutwa: ilibaki na heshima ya kiroho hata baada ya kunyang'anywa madaraka. Kwa hiyo Wafipa walizoea kuuona uwezo mtakatifu kama kitu kinachoweza kukaa mbali na kiti cha enzi. Fundi wa tanuri hakuwa mfalme, lakini naye alishika uwezo ambao amri ya mfalme peke yake isingeuzaa.

Kazi ya tanuri

Mengi yanayojulikana yanatokana na watu walioikuta kazi ikiwa hai, au walioikuta katika kumbukumbu za wazee. Padre Wyckaert wa Shirika la Wamisionari wa Afrika aliandika juu ya wahunzi wa Ufipa katika jarida la Anthropos mwaka 1914. Greig aliandika mwaka 1937, na Wise mwaka 1958, wote katika Tanganyika Notes and Records. Baadaye walikuja J. A. R. Wembah-Rashid wa Makumbusho ya Taifa, Randi Barndon kutoka Norwei, na mwanaakiolojia Bertram Mapunda, ambaye tasnifu yake ya mwaka 1995 ilichunguza mabaki ya kazi za chuma Nkansi na kubainisha kwamba malungu yalitanguliwa na matanuri mafupi ya namna nyingine kabisa. Ufundi huo, kwa maneno mengine, ulikuwa na historia: watu waliujaribu, wakaubadili, wakaupokea kwa wengine.

Tanuri lilijengwa kwa udongo wa kichuguu, ambao unastahimili moto kuliko udongo wa kawaida. Mahali palichaguliwa kwa kupima mambo kadhaa pamoja: mtapo, yaani mawe yenye chuma, uko wapi, miti ya makaa iko wapi, kichuguu kiko wapi. Kuta zilipandishwa kwa tabaka, kila tabaka likisubiri la chini yake likauke. Chini, kuzunguka tanuri lote, yaliachwa matundu, na ndani yake ikaingizwa mirija ya udongo ya kupitishia hewa.

Mnara huo haukuhitaji mtu wa kuvukuta. Moto ukishika, hewa ya moto hupanda juu kwa nguvu na kuvuta hewa mpya kupitia matundu ya chini. Kadiri mnara unavyokuwa mrefu, ndivyo mvuto unavyoongezeka. Ndani ya rundo la makaa na mtapo, gesi ya kaboni monoksidi hunyang'anya mtapo oksijeni yake na kuacha chuma. Chuma chenyewe hakifiki kuwa maji, kwa kuwa joto lake la kuyeyuka ni nyuzi 1,538 za Selsiasi. Kinachoyeyuka mapema zaidi ni uchafu, yaani mavi ya chuma. Kazi iliendelea usiku na mchana kwa siku kadhaa, na mwishowe tanuri lilitoa mabonge machafu, mchanganyiko wa chuma, makaa na mavi.

Mabonge hayo hayakufaa kufuliwa. Yalipelekwa kwenye tanuri la pili, kintengwe, lenye kimo kisichofika mita moja, ambalo lilipulizwa kwa mivukuto ya mikono. Hapo ndipo chuma kilipotakata, na baada ya hapo kikaingia mikononi mwa mhunzi. Kazi ilikuwa na hatua tatu: ilungu lilizaa, kintengwe kikasafisha, nyundo ikatoa umbo. Hakuna hatua iliyoweza kuirukia nyingine.

Dawa na miiko

Msimamizi wa kazi alikuwa fundi na mganga kwa wakati mmoja. Alikuwa na kikapu cha dawa, ntangala, ambacho kilikuwa na magome, mizizi na vipande vya viumbe, kila kimoja kikiwa kimeteuliwa kwa sifa iliyotakiwa kuhamia kwenye kazi. Dawa ziliwekwa kwenye shimo dogo katikati ya sakafu ya tanuri, mahali ambapo uzao ungeanzia. Kintengwe nacho kilizindikwa kwa dawa zake.

Tanuri jipya lilishangiliwa kama bibi harusi. Lilikuwa mwanamke anayeingia kwenye ndoa, mafundi wakawa upande wa mume, na bonge la chuma likawa mtoto. Kuanzia hapo wafanyakazi walikaa kambini na kujinyima wake zao mpaka kazi iishe. Mantiki yake ni ya ndoa yenyewe: mtu aliyefunga ndoa na tanuri akilala kwingine amezini, na mimba ya tanuri itaharibika. Mwanamke aliye hedhini hakutakiwa kusogea, kwa kuwa damu hiyo ni dalili ya mwezi usio na mimba.

Wapo wanaoyasoma haya na kuyatenga mafungu mawili. Fungu la kwanza ni ufundi wa kweli: udongo, makaa, mtapo, hewa. Fungu la pili ni ushirikina uliobandikwa juu yake. Mgawanyo huo ni rahisi, lakini unaivunja kazi mahali ambapo wenyewe hawakuivunja. Mafundi hawakusema kwamba dawa inaweza kushika nafasi ya makaa. Hakuna aliyeweka dawa bila kupanga makaa. Wala hawakusema makaa yanatosha. Maandalizi ya nyenzo na maandalizi ya nafsi yalikuwa ratiba moja, na aliyekosea katika moja alihesabiwa kuwa ameikosea kazi yote.

Fundi au mizimu?

Swali la chanzo cha ubunifu limejibiwa kwa njia nyingi duniani. Wagiriki wa kale walisema kuna Mamusa, miungu wa kike wanaompulizia mshairi maneno, na huko Aleksandria, Misri, katika karne ya 3 kabla ya Kristo, taasisi kubwa ya wasomi ilijengwa kwa heshima yao. Plato, katika mazungumzo yake yaitwayo Ion, alilipeleka wazo hilo mbali: mshairi ni kama pete ya chuma iliyoshikwa na sumaku, ikavuta pete nyingine, nayo ikavuta nyingine. Nguvu yote ni ya sumaku. Mshairi mwenyewe hajui asemalo, na sanaa yake si ujuzi.

Maandiko ya dini zilizoenea Afrika Mashariki yanatoa jibu tofauti kidogo. Katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 31, Mungu anamjaza Bezaleli roho yake, na matokeo ya roho hiyo ni ustadi wa kufanya kazi za dhahabu, fedha, shaba, mawe na mbao. Bezaleli hapotezi akili, anaongezewa. Katika Qurani, sura ya Saba, Daudi analainishiwa chuma kisha anaamrishwa atengeneze deraya na kuzipima vizuri viungo vyake. Kipawa kinatolewa, na papo hapo kinadaiwa vipimo.

Washairi wa Kiswahili wamelishika jibu hilo kwa vitendo. Utenzi wa jadi huanza kwa jina la Mungu kabla ya kisa kuanza. Katika utenzi aliomtungia binti yake karibu na mwaka 1858, Mwana Kupona wa Pate anamtaka asogee na wino na karatasi. Dua na vifaa vinakaa pamoja mlangoni mwa shairi, na kimoja hakimwondolei mtunzi wajibu wa kingine.

Ilungu linakaa karibu na jibu hili kuliko lile la Plato, lakini linaongeza jambo ambalo si Mgiriki wala mshairi wa pwani aliyeliweka mbele. Kwa Wafipa, kinachoumba si mtu mmoja aliyejazwa. Mnara unavuta hewa wenyewe, mtapo una tabia yake, mizimu inatoa au inazuia, kambi nzima imejinyima, na nyumbani wake wanasubiri. Uwezo wa kuumba umegawanywa kati ya wote hao, na fundi mkuu ni yule anayejua kuwakutanisha kwa wakati mmoja. Juu ya yote yuko Leza, jina la Mungu linalojulikana kutoka Ufipa hadi Zambia, lakini tanuri halimngojei Leza ashuke aifanye kazi. Linadai kila mshiriki alete fungu lake.

Hapo ndipo penye thamani kubwa ya kifalsafa ya jambo hili. Mabishano kuhusu ubunifu mara nyingi hufungwa kati ya kipaji na juhudi, kana kwamba mtu anapewa au anajipatia. Tanuri linaonyesha njia ya tatu iliyo ya kweli zaidi: uwezo unapokelewa, ila unapokelewa na aliyejitayarisha tu, akiwa miongoni mwa watu, mbele ya nyenzo zisizodanganyika. Miiko ilikuwa namna ya kuhakikisha kwamba hakuna anayefika kwenye moto akiwa amejaa nafsi yake peke yake.

Kushindwa na hukumu

Hekalu lolote la ubunifu lazima liwe na neno la kusema siku kazi inapokataa. Tanuri la Ufipa lilikuwa na hukumu kali, kwa sababu halikuhitaji mhakiki: likivunjwa, ama kuna chuma ama kuna mavi matupu. Makaa yalikuwa mabichi? Mtapo ulikuwa duni? Mirija iliziba? Maswali hayo fundi aliyajua. Lakini liliulizwa pia swali lingine: nani amevunja mwiko?

Swali hilo lina uzito wa aina mbili. Kwa upande mmoja, linaifanya kazi kuwa jambo la maadili. Fundi hawezi kusema maisha yake ni yake na kazi ni kazi. Mwenendo wake wa usiku unahusu jembe la jirani. Huo ni ukweli ambao sanaa ya leo inauhitaji, maana msanii aliyetenga kabisa uzuri wa kazi na uadilifu wa mwenendo amejipa ruhusa ambayo jamii yake haikumpa. Kwa upande wa pili, swali hilo linaweza kuwa silaha. Mtu dhaifu kambini, au mke aliyeachwa kijijini, anaweza kubebeshwa lawama ya makaa mabichi. Imani inayounganisha kosa na matokeo bila njia ya kulithibitisha kosa inafungua mlango wa dhuluma, na wema wa imani hiyo hauufungi mlango huo.

Mwanamke wa ndani na mwanamke wa nje

Dhuluma hiyo inaonekana wazi zaidi katika nafasi ya wanawake. Tanuri ni mwanamke, kazi yake ni uzazi, tumaini lake ni mtoto. Lakini mwanamke mwenyewe, mwenye uzazi halisi, anawekwa mbali saa ya moto. Eugenia Herbert, katika kitabu chake cha mwaka 1993 kuhusu chuma, jinsia na mamlaka barani Afrika, alionyesha kwamba mpangilio huu ulienea katika jamii nyingi za wafua chuma. Wanaume walipotaka kueleza uwezo wa juu kabisa wa kuumba, hawakupata lugha nyingine isipokuwa ya tumbo la mama. Walipoipata, wakaifanya mali yao.

Jambo hili lina nyuso mbili zinazopaswa kushikwa pamoja. Kuna heshima ya kweli ndani yake: jamii inayosema kwamba kuumba kwa mikono ni mfano tu wa kuzaa imekiri kuwa mwanamke ndiye fundi wa kwanza. Kuna pia unyang'anyi, kwa kuwa heshima hiyo ilimfunga mlango. Ibada inayokopa uwezo wa mtu haina budi kumpa nafasi mwenye uwezo huo. Katika hili mafundi wa Ufipa, pamoja na hekima yao yote, hawakuifuata hoja yao mpaka mwisho.

Mahali panapobaki

Utakatifu wa mahali pa kuumbia unaweza kudumu kuliko kazi yenyewe. Katika kijiji cha Katuruka, Mkoa wa Kagera, kuna mahali patakatifu paitwapo Kaiija, panapohusishwa na mfalme Rugomora Mahe. Simulizi za Wahaya zinasema aliwaita wahunzi wamjengee mnara wa chuma wa kufikia mbinguni, na mnara ukaanguka. Peter Schmidt alipochimba hapo kuanzia mwaka 1970 alikuta mabaki ya kazi ya chuma yenye umri wa zaidi ya miaka 2,000. Watu walikuwa wameendelea kupaheshimu kama mahali pa chuma kwa vizazi vingi baada ya moto wake wa kwanza kuzimika.

Kolo, wilayani Kondoa, panaonyesha jambo hilo kwa sanaa ya rangi. Michoro ya mapangoni ya huko iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006, na bado wenyeji hufika kwenye baadhi ya mapango hayo kufanya matambiko ya mvua na uponyaji. Waliochora walikwisha kufa zamani, lakini mahali hapakuacha kuwa mlango wa maombi. Ufipa, Kagera na Kondoa vinashuhudia jambo moja: mahali ambapo binadamu aliwahi kuleta kitu kipya, watu huhisi kwamba hapo hapakuwa na binadamu peke yake.

Kuzimika kwa moto

Malungu yalizimwa na mambo mawili yaliyokwenda pamoja. Majembe ya kiwandani kutoka Ulaya yalifika kwa bei ambayo tanuri la siku kadhaa halikuweza kushindana nayo. Ukristo nao, uliokita mizizi Ufipa kupitia wamisionari waliofika Karema katika miaka ya 1880, uliutilia shaka ule ushirika wa mizimu na dawa. Makala ya Wyckaert ya mwaka 1914 iliwalinganisha mafundi wapagani na mafundi Wakristo, ishara kwamba kwa muda fulani wote wawili walisimama mbele ya moto wa aina moja. Ubatizo haukuuzima ufundi papo hapo. Uliuliza ni nani aombwe kabla ya moto kuwashwa, na swali hilo lenyewe lilikubaliana na la zamani kwamba kuna wa kuombwa.

Kufikia katikati ya karne ya 20, kazi ilifanywa zaidi kwa ajili ya maonyesho: wazee waliombwa na watafiti warudie walichokijua, na kwa njia hiyo sehemu ya ujuzi ikaandikwa. Kilichoandikwa ni hatua za ujenzi, majina ya vifaa na orodha ya miiko. Kisichoweza kuandikwa kwa ukamilifu ni ule uamuzi wa fundi wa kujua, kwa rangi ya mwali na sauti ya hewa kwenye matundu, kwamba tanuri limekaribia kuzaa.

Mnara unaosimama porini Ufipa ukiwa na nyufa na nyasi juu yake hauombi kufufuliwa kwa miiko yake yote. Baadhi ya miiko hiyo iliwaonea watu na haifai kurudi. Lakini yale uliyoyatenganisha na yale uliyoyaunganisha bado yanafaa kufikiriwa na kila anayefanya kazi ya kuumba, awe mchongaji, mwimbaji, mshonaji au mwandishi. Ulimtenganisha fundi na kiburi cha kudhani kazi ni yake peke yake. Ukaunganisha ujuzi na mwenendo, dua na vipimo, mtu na kambi yake, kazi na wale watakaoitumia. Nani hasa aliyetoa uwezo, Leza, mizimu au akili ya mwanadamu, swali hilo kila dini italijibu kwa imani yake. Namna ya kuupokea uwezo huo, kwa maandalizi, kwa kujinyima na kwa kukubali hukumu ya nyenzo, Wafipa waliijua vizuri, na majembe yaliyolima intumba kwa vizazi vingi ni ushahidi kwamba hawakukosea.